Sukari ya Haji Tahar

Jumatatu, 1 Julai

Kama si mimi, mtaa huu wa Derb Louz ungekwisha kuuzwa zamani, pamoja na paka wake. Meknes nzima inajua. Hata mkuu wa polisi anajua, ingawa hatujawahi kukutana. Mtu wa kiwango changu lazima aache maandishi. Ndiyo maana nimelitoa tena daftari hili – lilikuwa chini ya pipa la unga.

Leo wamesimamisha bango kwenye uwanja wa kinu cha zaituni, ukuta kwa ukuta na sisi, upande jua linakozama. Kibali kimetoka. Ghorofa tano! Haji Tahar wa Fes, yule aliyetajirika kwa marumaru, ndiye anayejenga. Nani alimpa kibali, lini, kwa kumuuliza nani – hakuna ajuaye. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulisoma lile bango. Herufi kubwa nilizisoma mwenyewe. Ndogo alinisomea Hind, binti wa marehemu kaka yangu, kwa sababu jua lilikuwa linanipiga machoni. Hind anafanya kazi kwa wakili. Nani alimsisitiza asome? Mimi.

Juu ya paa nyama imeanikwa. Ndio msimu wa khlii, nyama yetu ya kukausha. Harufu ya vitunguu saumu na giligilani mpaka mwisho wa kichochoro, na nyigu wamekuja kama wamealikwa. Nyama ile ya Zohra mke wangu inaliwa Meknes yote, na ndiyo inayotulisha sisi mwaka mzima. Naiita ya Zohra kwa heshima tu. Kazi kubwa ni yangu: mimi ndiye ninayefukuza nyigu.

Zohra alipanda, akatazama uwanja, akatazama kamba zake. Jua la adhuhuri linababua tu. La alasiri, pamoja na upepo wa magharibi, ndivyo vinavyokausha. Ukuta ukisimama pale, vyote viwili kwaheri, nyama itavunda kwenye kamba. Halafu madirisha – wanawake wetu wako juu ya paa vichwa wazi, watu wa ghorofa ya tano wanywe chai wakiwatazama?

Zohra alisema, "Sasa nitaanika wapi, kabatini?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Niko mimi.

Jumatano, 3 Julai

Mkutano wa mtaa umefanyika. Wapi? Kwa Maati! Kwa nini si kwangu? Eti ua wake ni mpana. Ua wake ni mpana kwa sababu hauna kitu.

Maati ni karani wa posta mstaafu. Anavaa tai. Mwezi wa Julai, tai! Alikuwa amepanga viti, na faili mkononi, na kalamu mbili mfukoni kama daktari. Chai yake ya mnanaa haikuwa na mnanaa.

Nilisimama nikawaeleza mwaka ule nilipolisimamisha tingatinga kwa mkono mmoja kule barabara ya kituo, dereva akashuka analia. Watu walianza kusikiliza vizuri. Hind akaniinamia akanong'ona kwamba mwaka jana lilikuwa trekta. Nikamwambia tingatinga ni trekta lililokua.

Kisha wakachagua msemaji. Wakamchagua Maati. Hakuna hata aliyenitazama. Yeye akainuka, akajikohoza, akasema anashukuru, na kwamba kila mtu atakuwa na kazi. "Na Ami Buazza," akasema, "atatusaidia kurudisha viti."

Watu walicheka. Nami nilicheka, ili waone nina moyo mkubwa.

Viti nilivirudisha. Viwili.

Niandike hili liwepo: huyu Maati, kabla yangu, aliwahi kupeleka posa kwa baba yake Zohra. Koni yake ya sukari, donge gumu la kuvunjwa kwa nyundo, ilikaa rafuni kwa mzee wiki nzima bila kuguswa, halafu ikarudishwa na karatasi yake. Yangu ilivunjwa siku ileile, ndiyo kukubaliwa. Nyundo ilisikika mpaka sokoni! Kwa hiyo tai avae, lakini asisahau.

Ijumaa, 5 Julai

Wamepeleka pingamizi ofisi ya mji. Maati mbele. Nilikuwa nyuma yake, nyuma kidogo, kwa sababu kiatu kilikuwa kinanibana.

Jioni Hind alinionyesha simu. Picha ya Maati imewekwa kwenye ukurasa wa habari za mji, ameshika faili kama ameshika mtoto mchanga. Watu wameandika chini yake: shujaa, simba, baba wa mtaa. Simba! Mtu anayeogopa jogoo wa jirani yetu Bi Fettuma!

Nilimwambia Hind aikuze picha. Upande wa kushoto kuna kiwiko. Kile kiwiko ni changu. Jelaba la kahawia, lile kanzu lenye kofia, ndilo langu. Nikamwambia aandike hapo kwamba mwenye kiwiko ni Ami Buazza. Akasema watu hawaulizi viwiko, ami.

Kuskusi ya leo haikuteremka. Tikiti maji tu.

Jumamosi, 6 Julai

Haji Tahar ameanza kutembeza sukari!

Yeye mwenyewe hakuja, wakubwa hawaji. Kamtuma wakala wake, Jawad, kijana wa viatu vilivyochongoka, na gari dogo limejaa koni za sukari, zile nzito, karatasi ya buluu. Anakwenda nyumba kwa nyumba. Kila aliyetia sahihi kwenye pingamizi anabishiwa hodi.

Si mjinga huyu Haji. Kwetu sukari haisemi uongo. Unataka mke, unabeba sukari. Umemkosea mtu, sukari. Mtu kafiwa, sukari. Ukiipokea mlangoni umelisikia ombi. Ukiivunja kwa nyundo ukainywea chai – basi, umekubali, huna mdomo tena. Hata kadhi hakusikilizi.

Alianza kwa Maati, bila shaka. Maati aliigusa ile koni kwa vidole, akavibusu vidole, akairudisha kwa mikono miwili. Akasema: "Mwambie Haji nyumba hii Mungu ameijalia utamu wa kutosha."

Mtaa mzima unairudia sentensi hiyo. Wanawake wanaiimba kwenye kamba za nguo. Ni sentensi yangu! Niliisema kwenye harusi ya binamu yangu kule Azru, nikiwa nimeshiba, na Maati alikuwepo.

Bi Fettuma mjane ameipokea. Mwokaji mkate ameipokea, ameivunja papo hapo. Wengine wanafikiri.

Kwetu hajafika. Nimeshavaa jelaba jeupe. Nimeandaa sentensi bora kuliko ya Maati. Ndefu zaidi. Ndani yake kuna aya moja, na simba.

Jumapili, 7 Julai

Hajaja.

Asubuhi nilisikia viatu kichochoroni – koo, koo, koo – nikasimama, nikajiweka sawa, nikajaza kifua. Vikapita. Vikabisha hodi kwa fundi cherehani, ambaye anaishi huko ng'ambo, ambaye hata kivuli cha jengo hakitamwona!

Nimetoa takataka mara tatu. Zohra aliuliza kwa nini natembeza pipa tupu. Nikamwambia nalipungisha hewa.

Mchana nilikaa mlangoni na kiti. Jawad akapita na koni mbili kwapani. Nikamsalimia. Akajibu vizuri, akauliza nyumba ya fundi bomba. Nikamwelekeza.

Nikamwelekeza!

Jumatatu, 8 Julai

Dukani kwa Brahim, mwenye duka la kona, hakuna mazungumzo mengine. Nani kaletewa, nani karudisha, nani koni moja, nani mbili. Fundi cherehani alikuwa amejiegemeza kwenye magunia kama bwana harusi.

Akaniuliza, "Na wewe, Ami Buazza, umeletewa ngapi?"

Nikasema mambo mengine hayasemwi dukani. Ningeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini walikuwa wananitazama, nikaongeza kwamba watu wazito huletewa kwa njia nyingine, na mtu mwenye akili atahesabu.

Walipotoka, Brahim akanisogelea na kitambaa cha kaunta, eti anafuta, akasema nisikasirike, ananiambia kama ndugu. Alikuwepo siku Jawad alipouliza habari za kila nyumba. Walipofika kwangu, mwokaji mkate akasema huyo achana naye. Jawad akauliza kwa nini. Mwokaji akasema:

"Buazza ni redio. Nani anaipelekea redio sukari?"

Wote walicheka, Brahim alisema. Yeye hakucheka, anaapa.

Sina hasira. Redio husikilizwa na watu wengi. Si sukari ninayoitaka. Nimeshasema siitaki! Ningeirudisha. Lakini Maati karudisha kwa sababu kaletewa. Mtu asiyeletewa atarudisha nini?

Jumanne, 9 Julai

Leo mambo yamekaa sawa. Mungu ni mkubwa.

Alasiri, wakati kila mtu yuko kibarazani, nimepita Derb Louz kuanzia mwanzo hadi mwisho, polepole, na koni ya sukari mkononi. Kubwa. Si kwapani, mkononi, mbele, kama mtu anayebeba mshumaa. Ile buluu iling'aa! Bi Fettuma aliacha kuchambua dengu. Fundi cherehani akasimama. Brahim akatoka nje ya duka lake, jambo ambalo hajalifanya tangu tetemeko la ardhi.

Aliuliza, "Ami, na wewe?"

Nikasema tu, "Wakubwa wana adabu, mwanangu. Huchelewa, lakini huja."

Uongo uko wapi hapo? Sikumtaja mtu.

Mpango wangu ni huu. Kesho alasiri, watu wakiwa palepale, naibeba tena kwenda nje, naitupa mbele ya bango la Haji Tahar, na kusema sentensi yangu yenye simba. Maati kairudisha mlangoni pake, kimyakimya. Mimi nairudisha hadharani! Ataomba picha na mimi.

Zohra alipoiona jikoni akauliza imetoka wapi. Nikasema zawadi ya mteja, kasifu khlii. Akafurahi, akaiweka rafuni, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Akasema kumbe kuna watu bado wana shukrani.

Jumatano, 10 Julai

Nimeangamia.

Nilikwenda kunyoa, ili nionekane vizuri alasiri. Nyuma yangu akaingia dada yake Zohra kutoka Khemisset, na mabinti wake, bila taarifa, kama desturi yao. Sukari ya chenga ilikuwa imekwisha. Zohra akaiteremsha koni kutoka rafuni, akachukua nyundo.

Nilikuwa kwenye kona nikaisikia. Ta! Ta! Ta! Kila mtu aliisikia. Nyundo ya sukari haifanani na nyundo nyingine. Bi Fettuma alikuwa kibarazani, mkono kwenye ungo, akanitazama, akainama kwenye dengu zake.

Nilipoingia walikuwa wanakunywa. Dada mtu akasema sukari tamu hii, shemeji, ya wapi? Nikanywa na mimi. Ningefanya nini? Bilauri tatu.

Ijumaa, 12 Julai

Msikitini nilikaa na nafasi pande zote mbili. Mtu wa kimo changu huhitaji nafasi, lakini si kiasi kile.

Sasa hivi wanasema: redio imezimwa kwa sukari. Mwokaji mkate, ambaye aliivunja ya kwake kabla ya mtu yeyote, ananitikisia kichwa! Nikamkumbusha. Akasema yeye hakuwahi kusimamisha tingatinga.

Baada ya chakula Maati alikuja. Hakukaa. Tai ya kijivu leo. Akaniambia tume ya ofisi ya mji inakuja Alhamisi kukagua nyumba zinazodai kudhurika, na mjumbe wa mtaa amemwambia nyumba zilizosuluhishwa ziondolewe. Kwa hiyo yetu imeondolewa.

Nikamwuliza nani kasema tumesuluhishwa.

"Ukishaivunja, ndugu yangu, imekwisha," akasema. Akasema kwa upole. Upole wake ndio unaonichoma! Angenitukana ningelala vizuri.

Akatazama ngazi ya kwenda juu, harufu ya nyama inashuka. Akasema, "Ningemtilia shaka kila mtu mtaani kabla ya nyumba ya Zohra."

Nyumba ya Zohra. Hakusema nyumba ya Buazza. Miaka yote hii, bado jina lake liko mdomoni mwake, na tai.

Zohra alikuwa juu ya ngazi, kamba mkononi. Maati alipoondoka akateremka vidaraja viwili tu.

"Nilivunja sukari ya nani?"

"Ya mteja. Nimeshakwambia."

"Mteja gani?"

Nikasema mtu wa Rabat, mnene, ana gari jeusi, anafanya kazi wizarani, jina lake haliruhusiwi kutajwa. Akanitazama. Zohra ana namna ya kumtazama mtu kama anavyotazama nyama kwa mchinjaji, upande mmoja, kisha mwingine. Akarudi juu.

Jumapili, 14 Julai

Hind kaja na karatasi kutoka kwa wakili wake. Kachora mtaa, kachora jengo, kachora kivuli kwa penseli. Akaniita nione.

Kivuli kinaanguka wapi? Kwa Maati? Hapana. Maati yuko upande wa pili wa mkunjo, jengo hata halioni. Kwa Bi Fettuma? Kidogo, kwenye choo. Kwa fundi cherehani? Hapo hata penseli haikufika. Kinaangukia paa letu, lote, kuanzia muda mfupi baada ya adhuhuri. Na madirisha ya nyuma yote yanatazama kamba za Zohra. Paa moja tu. Hilo tu.

Hind akasema, polepole kama anamfundisha mtoto, kwamba bila paa hili pingamizi lote ni kelele. Tume itapanda kwa Maati, itaona anga, itashuka, na Haji atachimba msingi wiki ijayo. Ila tukirudishwa kwenye orodha. Na tutarudishwa tukieleza tu nani alileta ile sukari na alisema nini. Kama ililetwa kwa hila, haihesabiwi.

"Ami, nani aliileta?"

Nikasema nimechoka.

Jioni Maati akarudi. Akakaa safari hii. Alilegeza tai – sikuwahi kuona koo la mtu huyu. Akasema wazi kwamba bila sisi hana kitu, picha ile ni bure, faili lile ni bure. Anaomba nimpe njia. Niseme tu kwamba Jawad alinidanganya, yeye ataipeleka tume.

Ungedhani ningefurahi. Simba yuko kwenye zulia langu anaomba! Lakini Zohra alileta chai, na akamwekea Maati bilauri nzima, ile isiyo na ufa. Mimi nikapewa ya ufa.

Basi nikaanza kusema. Nikasema Jawad alikuja na watu wawili, wakubwa, kwenye lango la soko. Nilikuwa peke yangu. Nikapigana. Nikamwangusha mmoja. Wakaniachia sukari mkononi wakakimbia.

Maati akaandika yote. Hind alikuwa ananitazama tangu nilipotaja lango la soko.

Jumanne, 16 Julai

Maati alimwuliza Jawad mbele ya watu, dukani kwa Brahim. Nilitaraji atakana, tubishane, na mimi katika kubishana hakuna anayeniweza. Hakukana! Nikaona anafikiri. Nikaona anaelewa. Anajua hajaniletea kitu. Akaona kimemwangukia mkononi kama tini lililoiva.

Akaja hadi nilipo, akanibusu bega, mbele ya wote.

"Ami Buazza ni mtu wetu," akasema. "Haji anamsalimia kila siku. Hakukuwa na watu wawili wala ugomvi. Alipokea kwa moyo mweupe."

Na mimi – niandike, kwa kuwa hakuna atakayesoma – mimi nilinyoosha jelaba. Haji anamsalimia kila siku! Mwokaji mkate alisikia. Fundi cherehani alisikia. Kwa muda wa kumeza mate hivi, nilikuwa mtu mzito mtaani.

Kisha nikamwona Maati anafunga faili.

Nimemkuta Zohra anakunja kamba. Nikamwuliza mbona, msimu haujaisha. Akasema anapima kabati.

Alhamisi, 18 Julai

Wako juu. Naandika nimesimama jikoni, nimekuja kuchukua bilauri, maji hayajachemka.

Watatu kutoka ofisi ya mji, mwanamke mmoja na wanaume wawili, na mjumbe wa mtaa, na Jawad na viatu vyake. Walikwenda kwa Maati kwanza. Wakaona anga. Wakashuka. Walitaka kuondoka kabisa. Zohra akawafungulia mlango wetu kabla hawajabisha na akasema piteni, mwone ninachokianika.

Maati kaja nao. Na Bi Fettuma. Na Brahim, kafunga duka! Kichochoro chote kimeingia nyumbani mwangu. Nilikuwa nimeomba siku kama hii.

Kutoka hapa nawasikia kwenye ngazi kama niko nao. Yule mwanamke wa ofisi anauliza mambo ya maana: jua linatoka wapi, upepo, nyama inachukua siku ngapi. Zohra anajibu maneno machache. Kasema jua la alasiri ndilo shamba langu. Yule mwanamke akaandika.

Halafu Jawad akasema samahani, nyumba hii imeshasuluhishwa, kila mtu anajua. Zohra akasema yeye sukari ya Haji hajaiona. Jawad akasema nyundo ilisikika, mama. Bi Fettuma – Mungu amsamehe – akasema ni kweli, ilisikika. Zohra akasema ile ni ya mteja wa Rabat. Mtu akacheka.

Mmoja wa wanaume akauliza mwenye nyumba yuko wapi, aseme yeye sukari ilitoka kwa nani, tuandike tuondoke. Mjumbe kasema yuko chini anatengeneza chai.

"Buazza." Huyo ni Maati, juu ya ngazi. Kasema taratibu. "Panda, ndugu yangu."

Nikisema ni ya Jawad, tume inashuka na ukuta unapanda. Nikisema ni ya mtu wa Rabat, Zohra anachekwa tena juu ya paa lake mwenyewe. Imebaki kweli yenyewe. Nayo ni ndogo sana. Ni ndogo kiasi kwamba nikiitamka mbele ya mwokaji mkate na fundi cherehani hakutasemwa kitu kingine kunihusu, mpaka nizikwe.

Maji yamechemka. Nimeyatazama.

Sukari ile nilinunua mwenyewe. Nilikwenda mpaka ng'ambo ya mji, kwa mwenye duka asiyenijua, nikamwomba kubwa, akanipa, nikaomba kubwa zaidi. Hakuna aliyeniletea. Mtaa mzima ulibishiwa hodi, kwangu hapana.

Zohra ananiita sasa. Haniiti kwa ukali. Anasema tu: "Buazza, njoo useme."

Nimeliweka daftari juu ya sinia. Nimekanyaga kidaraja cha kwanza, na ile ndogo ndiyo nitakayoisema.